Nukta ya Arobaini na Moja

Nilimfuta Nyangi mara tatu, na mara tatu alirudi.

Nilikuwa na jedwali la nukta sitini na tatu. Kila nukta ilikuwa mahali ambapo mtu wa kijiji cha Nyarombo, wilayani Butiama, alisimama akanionyesha maji ya mwaka wa Elnino, 1997, yalimfika wapi mwilini: kifundoni, gotini, kiunoni. Mto unaopita kijijini haukuwahi kuwekewa kipimo cha maji, hivyo miili ya watu ndiyo vipimo pekee vilivyobaki. Nilizirekodi kwa simu mwezi wa Agosti, kisha nikazihamishia kwenye programu huria ya ramani, ile ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuipakua bila kumwomba mtu ruhusa. Niliamini, na bado naamini, kwamba ramani ya mafuriko ni mali ya kijiji kama kilivyo kisima.

Nukta ya arobaini na moja ilikuwa Burere, uwanda ulioinuka nyuma ya shule. Nilimkuta pale mwanamke kijana, amesimama peke yake katika nyasi kavu. Nilimuuliza jina, akasema Nyangi. Umri, akasema ishirini na sita. Nilipomuuliza maji ya Elnino yalimfika wapi, aliweka kiganja shingoni.

"Yalinifika hapa," alisema. "Halafu sikuona tena."

Nikampiga picha, nikamshukuru, nikaendelea na nukta ya arobaini na mbili. Niliporudi nyumbani Musoma ndipo nilipotambua kwamba khanga yake, katika ile picha, ilikuwa imelowa hadi kifuani. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki saba. Nikajiambia kwamba pengine alikuwa ametoka kufua.

Kilichonisumbua zaidi ni umri. Mtu wa miaka ishirini na sita hakuwa amezaliwa mwaka wa Elnino. Chuoni tumefundishwa kwamba data chafu husafishwa, basi niliifuta. Asubuhi yake ilikuwepo. Nikaifuta tena, ikarudi.

"Ni simu," nilimweleza mama yangu, Mwanahalima, aliyekuwa akishona sare za shule barazani. "Kila nikiiunganisha na kompyuta inarudisha nilichofuta."

Mama alikata uzi kwa meno. "Shamsia, mtu ukimfukuza mlangoni mara mbili akarudi, unamuulizaga ana shida gani."

Sikuuliza. Niliifuta kwenye simu na kwenye kompyuta kwa pamoja. Ilipoonekana kwa mara ya nne, niliiamuru programu isiionyeshe, nikachapisha ramani. Mto ulitapakaa kwa rangi ya samawati. Burere ikabaki nyeupe, pakavu. Kwa ramani hiyo wilaya ikakubali kuzipa viwanja pale familia tisa ambazo nyumba zao zilichukuliwa na mvua za masika.

Siku ya kugawa viwanja, mwezi wa Oktoba, nilikwenda Nyarombo kwa bodaboda. Familia tisa zilikuwa bado zinaishi chini ya maturubai uwanjani pa shule. Mabati yaliyoletwa kutoka Bunda yalikuwa yameegemezwa ukutani, tayari kupelekwa Burere. Mbele ya ofisi ya kijiji alisimama mvuvi mmoja, Stanslaus, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza katika orodha ya viwanja. Binti yake wa miaka minane alipomkaribia, yule mtu mzima aliinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," binti akajibu, bila mzaha hata kidogo.

Nilicheka. Mtendaji wa kijiji, Hezron, hakucheka.

"Usicheke, mwanachuo. Huyo ni mama yake. Alipozaliwaga alilia siku tatu, hanyonyi, halali. Wazee wakaita majina ya marehemu mmoja mmoja. Walipotaja Nyangi, akanyamaza, likawa jina lake."

"Nyangi?"

"Mama yangu," alisema Stanslaus. "Alikufa na Elnino. Mimi nilikuwa na miaka saba, amenibeba mabegani. Maji yakamfika shingoni. Akanirusha juu ya ghala. Nilipogeuka kumtazama, hayupo."

Nikauliza swali ambalo jibu lake nilikwisha kulijua. "Alifia wapi?"

"Burere. Tulikuwa wawili tu. Pale panaonekana juu, lakini ni kama sahani. Maji hayatokagi mtoni, yanashukaga mlimani, yanakaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Agosti nilikuwa kambi ya uvuvi, kisiwani Rukuba. Niliporudi nikakuta ramani ya chuo imebandikwa, inasema pakavu. Nikajisemea, nilikuwa mtoto, labda nimekosea mahali." Alitazama chini. "Nikajisemea kompyuta haiwezi kukosea kuliko mtoto."

Maneno hayo nitakufa nayo.

Niliingia ofisini nikafungua kompyuta. Katika vipimo vya ardhi vinavyotoka kwenye setilaiti, mashimo mengi ni makosa tu, na maji ya kwenye ramani hukwama ndani yake. Kwa hiyo tunaiagiza programu iyajaze yote kabla ya kuanza kukokotoa. Nami niliiagiza hivyo. Sikukagua hata shimo moja. Burere ilikuwa imejazwa udongo wa karibu mita mbili, udongo usiokuwepo popote duniani isipokuwa katika kompyuta yangu. Niliirudisha ardhi ilivyokuwa, nikaanza upya.

Rangi ya samawati haikutoka mtoni. Ilitokea nyuma ya shule, ikashuka kama mtu anayeijua njia ya kwao, ikaenea Burere nzima. Nikabofya nukta ya arobaini na moja. Kina: mita moja na sentimita thelathini na tisa. Nikaweka kiganja shingoni mwangu.

Hezron alikuwa amesimama nyuma yangu. "Wilaya imeshasaini," alisema kwa sauti ya chini. "Ukisema leo umekosea, viwanja vimekufa. Na vuli hiyo inakuja."

"Nisiposema, kuna watoto watakaokufa."

Nikatoka nje nikawaambia wote kwamba ramani yangu ni ya uongo, kwamba Burere hujaa maji, na kwamba kuna shahidi aliyeniambia hivyo nami nikamfuta.

"Kwa hiyo turudi kwenye turubai?" alipaza sauti kijana mmoja, Gody. "Huyu dada anatuchezea! Jana pakavu, leo pana maji, kesho atasema pana mamba!"

Watu wachache walicheka, kicheko kikavu. Mwanamke mmoja alikaa juu ya mabati akaanza kulia. Sikuwa na kiwanja kingine cha kumpa.

Stanslaus alinisogelea. "Huyo shahidi ni nani?"

Nikamwonyesha picha. Aliishika simu kwa mikono miwili. Aliitazama kama mtoto aliyeachwa juu ya ghala. Binti yake alijipenyeza chini ya mkono wake, akatazama.

"Huyu ni mimi," alisema.

Hezron alivua kofia, akaenda ukutani kuibandua ramani.

Nilikaa kwenye ngazi ya ofisi nikafungua jedwali. Nukta ilikuwepo. Sikugusa umri: ishirini na sita ndio umri aliokuwa nao siku aliyokufa. Katika safu ya chanzo cha taarifa, ambayo nilikuwa nimeiacha wazi, niliandika: *ameona mwenyewe*.

Kivuli kidogo kikaangukia kioo cha kompyuta.

"Usinifute tena," alisema Nyangi.

Nikasimama. "Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba," akaitikia, kisha akaenda kumsaidia baba yake kukaza kamba za turubai, kwa maana wingu lilikuwa limeshatanda juu ya mlima.