Siku Mwahija Alipoacha Utani

Dativa ni Mmakonde, Mwahija ni Mmwera, na kwenye banda letu la kubangua korosho hapa Lindi hao wawili walitufanya tusione siku inavyokwisha. Wamakonde na Wamwera ni watani. Wanaweza kutukanana hata msibani na asikasirike mtu. Mwahija ndiye msimamizi wetu. Dativa alikuwa ndiyo kwanza amepewa oveni, kazi ya kukausha korosho zilizobanguliwa kabla sisi hatujazimenya ganda la ndani. Aliipenda kazi ile jamani. Alikuja kabla ya wote, kitenge kimefungwa vizuri utadhani anakwenda kanisani.

Shida yake ilikuwa haraka. Alizitoa korosho zikiwa na unyevu, ganda likang'ang'ania korosho tulipomenya. Mwahija alitafuna moja, akasema, "Mtani, nyie mmezoea kula panya wabichi, sasa mnataka kutulisha na korosho mbichi?" Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Dativa akajibu kwamba Wamwera bila kuunguza chakula hawajui kama kimeiva. Tukacheka tena, na trei iliyofuata akaitoa vilevile. Ikawa hivyo karibu kila siku. Nani angejua kwamba ndani ya utani ule kulikuwa na karipio?

Kisha mnunuzi akarudisha maboksi. Korosho zilikuwa zimelainika na kuota ukungu. Mwahija akaja pale kwenye oveni, na safari hii hakusema mtani.

"Dativa, mzigo ukirudi tena, oveni nampa mwingine."

Lile jina lilimuuma kuliko onyo lenyewe. Nilimkuta nyuma ya banda, kakaa karibu na rundo la maganda, analia. Alisema amedhalilishwa mbele za watu, kesho anarudi kijijini kwao Rutamba kulima. Kwa nini hakuambiwa mapema? Nikamwambia aliambiwa, tena sisi sote tulikuwepo tukicheka.

Halafu akainuka na macho yake mekundu, akamwendea Mwahija. Nikajua hapo pamechafuka.

"Nifundishe," alisema. "Lakini usinitanie. Niambie kama unavyomwambia mtu asiye mtani wako."

Mwahija aliona haya. Alikiri kwamba aliogopa kumuudhi, akajificha kwenye utani. Ndipo akamwonyesha: trei za nyuma huchelewa kukauka, zihamishwe mbele, korosho ikipoa aiume, ikikatika kwa mlio iko tayari, ikipinda bado. Dativa alikosea tena, na kila alipokosea aliambiwa waziwazi. Ilimuuma, nilimwona anavyobana midomo, ila alirudia.

Mzigo uliofuata ulipokelewa wote. Hata hivyo Mwahija aliendelea kumwita Dativa badala ya mtani, na banda likapoa kama ofisi ya serikali. Mimi ilinihuzunisha.

Asubuhi moja Dativa alitoa trei, akapoza korosho moja, akaiuma, akasikiliza. Kisha akairudisha trei nzima ndani bila kuambiwa na mtu. Mwahija alikuwa kasimama mlangoni, anamtazama.

"Mtani," akasema, "nasikia siku hizi Wamakonde hata panya mnasubiri waive."

Sote tuliacha kumenya, tukingoja jibu. Dativa alifunga mlango wa oveni, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge huku anacheka.