Mwito wa Kiwavi

Watu wa bembea, wale wanaohamahama na mashine zao za burudani kutoka uwanja hadi uwanja, wana sheria zao, na moja haijaandikwa popote wala haivunjwi: mwito wa mtu ni mali yake. Unaweza kusimika bembea yako ubavuni mwa ya mwenzako, ukamnyang'anya wateja, hata ukamwoa dada yake bila kumwuliza. Lakini maneno anayoyaita kwenye maiki, hayo huyagusi.

Friedhelm Noltemeier alikuwa na mwito uliojulikana katika miji ya makaa ya Ujerumani, kuanzia Duisburg hadi Dortmund. Bembea yake iliitwa Kiwavi: msururu wa vigari vya kijani vilivyopanda na kushuka kwenye mduara, na katikati ya mbio turubai hukunjuka likavifunika vyote, watu wakabaki gizani na wapenzi wao. Ndoa nyingi za wachimba makaa zilianzia chini ya turubai lile. Mzunguko ukielekea kwisha, Friedhelm aliinamia maiki kibandani mwake akauliza kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, bila haraka yoyote: "Mmechoka?" Kutoka gizani watu wakajibu kwa pamoja, "Bado!" Naye husema kama mtu aliyewahurumia, "Basi shikaneni." Hapo Kiwavi kikaongeza mwendo.

Ni hayo tu. Ukiyaandika yanaonekana si kitu, ilibidi umsikie mwenyewe.

Mwanawe wa pekee, Silke, alizaliwa ndani ya karavani na kukulia nyuma ya kibanda cha tiketi alimokaa mama yake, Hannelore. Baba akienda kula, Silke alishika maiki. Aliinamisha kidevu, akaikwaruza sauti, na yule mama muuza viazi vya kukaanga wa upande wa pili hakujua kabisa kwamba mwitaji amebadilika. Friedhelm alirudi na mdomo wake wa mafuta, akasimama kando kumsikiliza, akawaambia majirani kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba siku moja Kiwavi na mwito wake vitakuwa vya Silke.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya spika. Spika za Kiwavi zilitengenezwa na Detlef Kaczmarek, fundi umeme wa Gelsenkirchen, kijana mpole aliyegeuza banda la njiwa la marehemu babu yake kuwa studio. Vinanda vilipangwa kwenye rafu walikolala njiwa, na harufu yao haikutoka hata kwa sabuni. Humo alitunga nyimbo za dansi za mwendo wa kasi, na aliyeziimba ni Loredana Pizzuto, binti wa Waitaliano wauza aiskrimu, mwenye sauti nyororo ya kukutoa machozi ukiwa umesimama. Majira ya baridi ya mwaka tisini na mbili walikuwa na wimbo mmoja mzuri, ila katikati palikuwa na tundu. Wamejaza ngoma, wamejaza kinanda, tundu liko palepale.

Silke alikwenda kuchukua spika. Alisubiri, akachoka kusikia kipande kilekile kikirudiwa, akaisogelea maiki kwa utani tu, akainamisha kidevu: "Mmechoka?" Detlef na Loredana, ambao nao walikulia kwenye bembea kama watoto wote wa pale, wakajibu bila kufikiri. Kisha Detlef akaondoa mikono kwenye kinanda, akamwomba arudie.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa kundi la Zentrifuga. Jina hilo ni la mashine ya kukamulia nguo, ile iliyokuwa sebuleni kwa mama yake Detlef.

Siku zile redio ilikuwa ya mwisho kujua. Santuri ya dansi ilijaribiwa kwanza kwenye vigari vya kugongana: mzunguko ukiisha na vijana wakashuka, wimbo umekufa, wakikaa palepale wakitoa pesa nyingine mfukoni, umepona. Pasaka ya mwaka uliofuata, uwanjani Dortmund, Friedhelm alikuwa anakula soseji yake nyuma ya Kiwavi aliposikia mwito wake mwenyewe ukitoka kwenye vigari vya jirani yake, Schlüter. Ngoma zilikatika, sauti nzito ikauliza, uwanja mzima ukajibu, na sauti ikawaambia washikane. Kisha ngoma zikarudi kwa kishindo, na hakuna kijana hata mmoja aliyeshuka.

Alivuka njia akiwa na soseji mkononi, amekusudia kumpiga mtu. Schlüter hakubishana naye. Alimpa jalada la santuri, na juu yake Friedhelm akamwona binti yake amevaa suruali ya kumetameta, anacheka.

Silke alikuwa amepanga kumwambia jioni ile. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba baba atafurahi, na huo ndio ulikuwa ujinga wake wote. Walikutana kwenye ngazi za karavani.

"Umeniibia," Friedhelm alisema.

"Baba, si utakuwa wangu tu? Nani mwingine wa kuurithi?"

"Urithi hugawanywa mtu akishazikwa. Mimi nimekufa lini?"

Friedhelm akapiga marufuku wimbo ule kwenye Kiwavi, na wiki hiyohiyo binti yake akafungasha akaondoka na wenzake.

Na walipoondoka, jamani, walipaa. Kufika mwezi wa sita wimbo ulikuwa wa kwanza Ujerumani, kisha Uholanzi, kisha Hispania, na Poland ukapigwa hadi harusini. Walizunguka kwa gari dogo la mizigo la kina Pizzuto, lililoandikwa aiskrimu ubavuni, wakila mikate waliyofungiwa na mama yake Detlef. Watu wenye elimu yao waliuita muziki ule kelele za watoto. Waseme wapendavyo. Mimi nasema ni kazi ya ufundi kuwaruhusu watu elfu kumi wasiojuana wawe kitu kimoja kwa swali la neno moja, na yule msichana wa bembea aliijua kazi hiyo kuliko wote waliosomea muziki. Hakuruka wala hakupiga mayowe. Alisimama tuli katikati ya zile ngoma, akaacha watu wangoje, akaacha wangoje zaidi, ndipo akauliza.

Friedhelm alimwona mara ya kwanza kwenye televisheni. Kama ilivyokuwa desturi ya vipindi vile, sauti ilitoka kwenye kanda na waimbaji wakachezesha midomo tu. Friedhelm alicheka kwa uchungu, akasema binti yake sasa analipwa kufungua mdomo bure kama samaki. Hannelore, aliyekuwa anamenya viazi, alimwambia samaki huyo anapumua mahali panapostahili, amtazame vizuri. Friedhelm akamtazama. Ilikuwa kweli: kifua chake kilipanda kabla ya kila neno, sawasawa na alivyomfundisha.

Baadaye alikwenda kwa siri kwenye ukumbi mkubwa wa Dortmund, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango wa choo. Siku hiyo Silke aliita mwenyewe, bila kanda. Jibu la watu lilimpiga Friedhelm kifuani, akashika ukuta. Alijivunia hadi akaona haya. Akatoka kabla taa hazijawashwa, na hakumwambia mtu ila mkewe.

Pengine angelainika polepole, kama wazazi wote. Lakini ile mikwaruzo ya sauti, iliyokuwa fahari yake, ilianza kuzidi. Madaktari wa Essen walitazama kooni wakatikisa vichwa. Walimpasua, wakamwokoa, na sauti ikabaki kule kwao. Alirudi na tundu shingoni lililofunikwa kwa skafu. Walimpa kidude cha kubandika shingoni ili asikike, kinachonguruma kama nyuki. Alikijaribu mara moja, mbwa wa jirani akabweka, akakifungia kabatini. Alizungumza kwa midomo mitupu, na Hannelore, baada ya miaka yote ile ya ndoa, alimsoma bila shida.

Kiwavi bila mwito kilikuwa chuma kinachozunguka. Waliajiri mwitaji, kisha mwingine, na watu wakapita tu wakielekea kwingine. Mnunuzi wa Kiholanzi akaleta habari kuwa atakuja kukitazama uwanjani Crange siku ya ufunguzi wa maonesho ya Agosti. Friedhelm aliitikia kwa kichwa. Hannelore alimwona anavyojifanya hajali, akaenda kumpigia binti yake simu.

Silke alifika siku iliyofuata, amekatisha safari ya Milano. Alisimama mlangoni mwa karavani, akatazama skafu ya baba yake. Alimwambia ataita yeye, siku ya ufunguzi na siku zote za Crange. Friedhelm akatikisa kichwa, akachezesha midomo.

"Anasema watakuja kukuona wewe," Hannelore alitafsiri. "Ukiondoka, nao wataondoka."

"Sasa anataka nini?"

Friedhelm alionyesha kinasa sauti kilichokuwa mezani. Kisha akaonyesha koo la binti yake, halafu mdomo wake mwenyewe. Silke alielewa, akaketi mbele ya mashine. Yule aliyewacheka wachezesha midomo alikuwa anaomba afundishwe.

Walifanya kazi wiki nzima. Silke alidhani anaujua mwito wote, kumbe alijua kile kipande maarufu tu. Kulikuwa na mwito wa watoto, mwito wa mvua, mwito wa wanandoa wazee wanaoona haya kupanda. Hannelore alisoma midomo ya mzee, Silke akasema kwenye kinasa sauti kwa kidevu kilichoinama, na akienda haraka Friedhelm aligonga meza kwa kijiko. Aligonga sana. Siku moja alimgonga vidole, na wote watatu wakacheka, mzee akicheka bila sauti hadi mkewe akaogopa. Hawakuzungumza juu ya Dortmund wala juu ya wizi. Siku ya mwisho Silke aliomba abaki peke yake na mashine dakika chache.

Siku ya ufunguzi jua lilikuwa kali. Mholanzi alisimama karibu na kibanda cha tiketi, mikono mfukoni. Friedhelm alipanda kibandani amefunga skafu nyekundu, akabonyeza kitufe, akashika maiki. Sauti ikatoka, nzito, yenye mikwaruzo, na midomo yake ikaenda nayo neno kwa neno, kifua kikipanda mahali panapostahili. Muuza viazi aliacha sufuria ikaungua. Wachimba makaa wastaafu waliambizana kwamba mzee amepona, wakawavuta wake zao kwenye ngazi. Kufika alasiri vigari vyote vilijaa na foleni ilizunguka hadi kwa Schlüter. Silke alijificha kwenye foleni hiyo, kofia imeshuka hadi machoni, akimwangalia baba yake kama alivyomwangalia alipokuwa mdogo.

Ndipo kanda ikafika mwisho, mahali ambapo Friedhelm hakupajua. Turubai lilikuwa limeshafunuliwa, watu wote wanamtazama. Sauti ileile ya kwenye kanda ikasema polepole: "Sauti mnayoisikia ni ya Friedhelm Noltemeier. Mimi, binti yake, nimeiazima tu, naye yu hai."

Maneno yalisikika huku mdomo wa Friedhelm umefumba. Kila mtu aliona. Kanda ikakatika, na mtoto mmoja akamwuliza mama yake kwa nini babu haongei. Hannelore aliinuka kitini ndani ya kibanda cha tiketi. Kule kwenye foleni Silke alijuta, akaanza kusukuma watu apite.

Friedhelm alimwona akija. Akamwinulia mkono asimame, akaiweka maiki chini taratibu. Alifungua skafu yake nyekundu, akaacha lile tundu lionekane. Akaegemea dirisha la kibanda, akainamisha kidevu, akawaacha wangoje, akawaacha wangoje zaidi, kisha midomo yake ikauliza bila sauti yoyote.

Hapakuwa na mtu pale asiyelijua swali. Walikuwa wameliimba majikoni, kwenye magari na harusini. Waliokuwa kwenye vigari, waliokuwa kwenye foleni, vijana wa Schlüter ng'ambo ya njia, hata Mholanzi aliyekuja kununua, wote walijibu kwa pamoja, na Silke, ambaye kwa miaka yote ile alikuwa ndiye muulizaji, alipiga kelele pamoja nao hadi sauti ikamkauka:

"Bado!"

Friedhelm aliwaambia washikane, na wote wakamsoma.