Ngoma Zimeitwa

Jina la mji sitaji. Wenyewe wanajijua, na ukitoka Mesquite kuelekea Dallas huwezi kuukosa. Mwaka ule wa 2018 mji mzima ulishikwa na homa ya usawa: usawa wa rangi, usawa wa sanaa, usawa kwenye mabango ya barabarani. Ofisi ya sanaa akapewa mama mmoja, Bi Hargrove, aje atugawie.

Kwangu Jumapili watu hujaa. Wakenya wenzangu, Warundi, Wakongo, hata asiyealikwa. Mimi Mama Brandon sijawahi kumfungia mlango mtu mwenye habari. Ndipo siku hiyo akaingia Protais, anacheka peke yake. Protais ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma. Anapakia mizigo ghalani, na ndiye mkuu wa ngoma zao. Walizichonga wenyewe, yeye na vijana wake, kutoka kwenye mti ulioangushwa na dhoruba kule Cedar Hill. Shida yao ilikuwa moja tu: mahali pa kuzipigia. Kwenye nyumba za kupanga walifukuzwa. Bustanini waliitiwa polisi. Hata padri aliwaambia kwa upole kwamba Mungu si kiziwi.

"Mji umeita ngoma," Protais akasema. "Zikae kwenye jengo jipya la sanaa mpaka Krismasi. Nimetia sahihi, na lori limeshazichukua."

"Ngoma tu? Na nyinyi je?"

"Mama Brandon, wewe mtu wa Kisii utajua nini. Kwetu mfalme akiita ngoma, ameita na wapigaji. Nani anaita ngoma peke yake? Azifanye nini, ahifadhie viazi?"

Sebule nzima ikacheka, nami nikacheka. Mkewe Fébronie akaongeza kwamba sasa mumewe ataacha kupigapiga meza yake ya chakula, maana amepata jengo. Wiki nzima vijana wakabadilishana zamu ghalani ili jioni ya ufunguzi wasikose hata mmoja.

Jioni hiyo tukaenda kama harusi. Wanaume mashuka mekundu, meupe na ya kijani, vijiti mkononi. Sisi wanawake nyuma, tumependeza hata walinzi wakatupisha.

Ngoma zilikuwa katikati ya ukumbi, juu ya masanduku meupe, zimemulikwa taa, zimezungushiwa kamba. Mbele yake kibao: Ngoma za Afrika Mashariki, mbao na ngozi. Tafadhali usiguse. Aliyezichonga hakutajwa. Kwenye kona, vijana wa chuo walikuwa wanapiga fidla.

Bi Hargrove akapanda jukwaani. Akasema mji huu kwa miaka mingi uliwaacha watu wengine nje, na leo mlango umefunguliwa. Watu wakapiga makofi. Na sisi tulipiga, Mungu atusamehe.

Aliposhuka, Protais, ambaye Kiingereza bado kinampiga chenga, akanivuta mkono. "Muulize tunasimama wapi."

Nikamuuliza. Akatabasamu, akanishika bega. Alisema usiku huu ni wa vyombo vyenyewe. Mambo ya kupiga labda yatafikiriwa mwakani. Ila amefurahi sana tumevaa mavazi yetu, na kama hatujali, tupige picha kando ya kamba.

"Anasemaje?" Protais akauliza.

Ningeweza kupamba. Sikupamba. Nilimpa maneno yote kama yalivyo, moja moja, na nikaona uso wake unavyokauka.

"Mwambie basi tunazichukua."

Bi Hargrove akakunja uso. Kuna sahihi, akasema, ni mpaka Krismasi. Halafu akateremsha sauti kama anayebembeleza mgonjwa: "Haya yote tunayafanya kwa ajili yenu."

"Kwa ajili yetu?" nikamwambia. "Mbona umekaribisha miti na ngozi, wenyewe ukawaacha nje ya kamba? Hiyo ngozi ni ya ng'ombe wa Texas, mama. Hata ng'ombe amepata nafasi zaidi hapa kuliko huyu."

Audace, mdogo kuliko wapigaji wote, alikuwa ameshainua kamba. Mlinzi akashika redio yake. Akasema mtu akigusa chochote, anaita polisi. Audace akasimama hapo hapo na kamba mkononi. Usaili wake wa uraia ulikuwa mwezi uliofuata, na hakuna asiyejua kosa dogo linavyoweza kuwa kubwa ukiwa na faili mezani kwa watu. Karibu wote walikuwa hivyo. Protais mwenyewe alikuwa bado anangoja.

"Iache, mwanangu," Protais akamwambia. Sijawahi kusikia sauti ya mwanamume ikishuka vile.

Fébronie akavua viatu.

"Fébronie, hapana. Mwanamke hagusi ngoma."

"Najua."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Wewe unangoja karatasi. Mtoto huyu anangoja. Mimi nimeshaapa, nilisimama na bendera mkononi na wewe ulipiga picha. Wakinikamata, watanirudisha wapi? Ni hapa hapa Texas."

Akapita chini ya kamba. Kazi yake ni kuwainua wazee katika nyumba ya kutunza wasiojiweza, mgongo wake ni chuma. Akaikumbatia ngoma kubwa, ile ya katikati, akaipandisha kichwani. Mlinzi akaita polisi. Mimi ni raia pia, nikaingia, na dada wengine wenye uraia wakaingia, wawili kwa kila ngoma. Fidla zikanyamaza. Bi Hargrove alikuwa anasema jambo kuhusu ushirikiano, hakuna aliyesikiliza.

Wanaume walisimama pande mbili na vijiti vyao, wanatutazama tunabeba kisichobebwa na wanawake.

"Mnashangaa nini?" Protais akawafokea vijana. "Fungueni milango."

Nje, gari la polisi lilikuwa linakata kona, taa zake zinazunguka kimya. Fébronie akasimama katikati ya maegesho. Hakuishusha ngoma.

"Piga," akamwambia mumewe.

"Juu ya kichwa chako?"

"Mji huu umekupa mahali gani pengine?"

Protais akalitazama gari. Kisha akamsogelea mkewe, akainua vijiti vyote viwili, akapiga kwa nguvu zake zote.