Bila Idhini ya Mwenyewe

...na nisiposikia pingamizi nitachukulia kwamba tumekubaliana, Mwenyekiti alikuwa anasema, akigeuza kichwa taratibu kuanzia safu za kulia, na mwanasheria wa wizara, mkono juu ya kibao chenye jina la nchi yake, kibao ambacho ukikisimamisha wima umeomba kusema, alibaki amekwama, akisimamishe au akiache kimelala, maana kwenye ukumbi huu ukinyamaza umekubali, na wanachotaka akubali ni kuharibiwa kwa aya aliyoiandika yeye mwenyewe, chombo chochote cha anga za juu kisikikaribie chombo cha nchi nyingine bila idhini ya mwenyewe, sasa mataifa makubwa yanataka isomeke kijitahidi kutokikaribia, kijitahidi! kama mtoto anayeambiwa ajitahidi kutolamba sukari... "Tulia, bwana mdogo," balozi wake alimnong'oneza, "wakubwa wameshaelewana, sisi twende tukanywe chai," mtu mwema balozi, hana neno, ila njaa ikimbana hata vita vya angani vinaweza kusubiri... lakini chai haikumpitia akilini, yeye alikuwa anaiona mikono ya mkewe, midogo, yenye alama ya kuungua kwenye kidole gumba, ikifumua redio juu ya meza ya chakula na kuirudisha bila skrubu kubaki, fundi, akimwita, naye anaitika bila kuinua macho, sema mteja... jamani alivyomkumbuka, na mikono ile sasa iko ughaibuni, inaunda mkono wa chuma wa kwenda kushika setilaiti mbovu na kuitengeneza hukohuko juu, kazi nzuri, nani angeikataa, ila siku moja kwenye simu alimtania, mkono unaofunga skrubu si unaweza na kufungua, ukiishika setilaiti nzima ya watu ukaikwanyua antena, hiyo si silaha? na mkewe akasema, "Kumbe unataka kunifungia kazi," naye, aa wapi, mke wangu, sheria ya anga hiyo, wewe haikuhusu... mwongo, mwongo mkubwa, maana alipokuwa anaiandika aya ile alimwona kabisa anatoka uwanja wa ndege na mabegi yake, mradi umekwama kwa kukosa idhini za wenye setilaiti, hana pa kwenda ila nyumbani, na mama mkwe ameacha kuuliza mwenzio anarudi lini, na upande wa pili wa kitanda umeacha kurundikwa nguo zinazosubiri pasi... Mwenyekiti ameshafika safu za katikati, hakuna aliyetikisika... na aya yenyewe ni ya haki, hilo halina ubishi, kile kisetilaiti chao kimoja kinachowaambia wakulima mvua iko wapi, dude la watu likikisogelea nani atajua limekuja kutengeneza au kuvunja, ni ya haki hata kama mkewe asingezaliwa, ila yeye aliigeuza ndoano, na juzi tu aliambiwa waziwazi, "Mpitishe msipitishe, mimi nabaki huku, kazi hii naipenda," akajifanya mtandao unakatika, haloo, haloo, na sauti ikaendelea tu, imechoka, "Kila siku unaniuliza narudi lini, hujawahi kuniuliza nataka nini"... hajawahi, kweli hajawahi, ameandikia vyuma adabu ambayo yeye mwenyewe hana, hata hodi hajapiga... "Chai inapoa," balozi alisema, na Mwenyekiti sasa alikuwa anageukia kushoto, upande wao, na mwanasheria akajua kwamba kibao atakisimamisha, na kwamba hakitamrudisha mtu, huenda hata kikampoteza moja kwa moja, na bado atakisimamisha, halafu jioni atampigia simu, atamweleza alichokifanya kabla hajakisikia kwa wengine, amkasirikie kama ni kukasirika, na akimaliza atamwomba, akikubali lakini, amruhusu aende yeye huko.