Nilivyomuua Bi Futikamba

Nilimuua Bi Futikamba siku ya Jumatano, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, na hakunimalizia hata kurasa tano. Nilimwangushia ukuta. Alikuwa ameinama anapima kiwanja cha mjane, penseli sikioni, ukuta wa jirani ukaja wote kwa pamoja, ikabaki kofia. Ile kofia niliiandika vizuri sana. Niliisoma mara tatu peke yangu, nikajipongeza.

Kabla hujaniita muuaji, ngoja nikuweke sawa. Bi Futikamba ni mpima ardhi wa kwenye vitabu vyetu, mimi na dada yangu. Mwanamke mfupi, mkali, anayekamata wezi wa viwanja kwa kupima tu. Akikuta ua umesogea nusu mita, anajua kuna mtu kadanganya, na kwa hesabu zake anayedanganya nusu mita hashindwi kuficha maiti. Vitabu viwili vilishatoka na watu walivinunua, hata wale wa mtaani kwetu ambao huwa wanasubiri kuazima. Cha tatu tulikuwa tumefika sura ya kumi na nane.

Tunaandika hivi. Dada ni fundi cherehani, ana chumba cha mbele kimejaa sare za shule. Yeye ana sura za witiri: ya kwanza, ya tatu, ya tano. Mimi nashinda kwenye duka la fotokopi mtaa wa pili, nina za shufwa. Daftari ni moja, kubwa, la jalada gumu. Mchana mwenye zamu anasoma sura yake kwa sauti mbele ya mama, ambaye anakaa kwenye kigoda akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye sare. Macho ya mama hayasomi tena herufi, lakini uzi anauona kwa vidole. Na mama akishasikia, basi. Haifutwi.

Sheria hii hakuna aliyeitunga. Kwenye kitabu cha kwanza dada alibadilisha gari la Bi Futikamba likawa la kijivu. Mama akaweka mkasi chini.

"Lile jekundu limekwenda wapi?"

"Nimelifuta, mama."

"Unalifutaje? Nimeshaliona. Juzi lilipita hapa."

Likarudi jekundu, na jekundu ndilo lililo hadi leo. Mama ana vitabu vyote kichwani, na kovu la nani liko mkono upi. Ukikosea anakushika kama mwalimu wa zamu.

Usidhani tulikuwa tunapendana. Kuna siku nilikuwa naandika kurasa tisa huku mteja anasubiri nakala zake za cheti, na kuna siku nilitoka na sentensi moja, nayo dada akaisikia akasema, "Hii ilikuwa na mwenzake akafa?" Ukutani kwake amebandika vipande vya vitambaa kwa pini, kila mhusika na kitambaa chake. Mbaya ana kitambaa cha mistari, mjane ana cheusi. Dereva wa Bi Futikamba, ambaye ni wangu, nimemtunga mwenyewe kuanzia soksi, dada alimpa tambara la kusafishia mashine. Nilipolalamika akasema, "Kitambaa kinafuata mtu."

Basi tukawa tunapigana humo humo daftarini. Sura ya saba dada akamletea Bi Futikamba mchumba, daktari wa meno mwenye sauti ya asali. Sura ya nane nikampa huyo daktari kwikwi isiyokoma. Sura ya tisa dada akamtibu kwikwi, halafu akamweka Dereva wangu kwenye kiti na kumng'oa meno mawili ya mbele bila ganzi. Mama alicheka mpaka akajichoma mkasi. Imeshasikika, meno yamekwenda. Sura ya kumi daktari akapotelewa na nywele. Tukaendelea hivyo, na kitabu, usiniulize kwa nini, kikawa kinanoga.

Sasa Jumanne. Nyumbani hatuna kompyuta, kwa hiyo wachapishaji wanaandika barua pepe kwenye anwani ya dukani, mimi nazichapa na kuzipeleka. Ikaja moja kutoka kwa mhariri, jina la dada juu, langu halipo. Nikaichapa. Nikaisoma ikiwa bado ina joto la mashine.

"Kama tulivyozungumza," ameandika mhariri, "kitabu cha nne na kuendelea tungependa uandike peke yako. Sura za shufwa zinachekesha, lakini kila zikifika hadithi inakaa chini kupumzika. Tunajua ni mdogo wako, na tunakuachia wewe namna ya kumwambia."

Nilirudia yale maneno mawili ya mwanzo. Kama tulivyozungumza. Yaani walizungumza. Yaani huyu dada yangu, aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, alikaa mahali na simu sikioni akasema sawa, au akasema ndiyo nilikuwa nalifikiria, kisha akarudi akaketi na mimi akanipa kalamu kana kwamba hakuna kitu.

Mteja akaniambia, "Kaka, karatasi imekwama." Nikamwambia na mimi pia.

Barua sikuipeleka. Niliikunja nikaiweka mfukoni, na usingizi nilipata wa kutosha, nisikudanganye, maana nilishajua nitafanya nini. Wanataka kitabu cha nne cha Bi Futikamba bila mimi? Vizuri. Waandike bila mimi na bila Bi Futikamba. Sura ya kumi na nane ni shufwa.

Jumatano nilimaliza sura saa sita kasoro. Dada alikuwa ametoka kupeleka sare kwenye shule fulani. Utaratibu ni kwamba tunasoma wote tukiwepo. Nilimwangalia mama, mama na mkasi wake.

"Leo tunaanza mapema?" akauliza.

"Leo mapema."

"Dada yako?"

"Ataikuta."

Nikasoma. Nilipofika kwenye ukuta mama aliacha kukata. Nilipofika kwenye kofia alishika sare iliyokuwa magotini kwa mikono miwili, na nilipofunga daftari alikuwa bado ananitazama mdomoni, kama vile kuna maneno yamebaki.

"Kachomoka," akasema. "Kwa nyuma. Kuna mlango wa nyuma pale, sura ya tano."

"Hapana, mama."

"Hata mguu mmoja?"

"Kafa, mama."

Akavua miwani. Nilitegemea atanigombeza, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Na mjane kiwanja chake atapimiwa na nani?" kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na chakula akaacha mezani.

Dada alirudi saa nane, jasho, mifuko mitupu begani. Aliona kigoda kitupu kabla ya kuniona mimi.

"Mama anaumwa?"

"Amefiwa."

"Na nani?"

Nikamsogezea daftari. Alisoma amesimama, mifuko bado begani. Dada anasoma haraka, lakini ukurasa wa mwisho alikaa nao. Halafu akauliza swali moja tu, kwa sauti ndogo.

"Umemsomea?"

"Neno kwa neno."

"Mjinga wewe." Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. "Mjinga mkubwa wewe. Tuna siku tisa za kupeleka rasimu."

Nikatoa barua mfukoni nikaibandika ukutani kwa pini yake mwenyewe, katikati ya vitambaa vyake. Aliisoma pia. Hapo ndipo nilipotaka aone haya. Nilimchungulia usoni nikitafuta haya kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka.

"Nilitaka kukwambia tukimaliza hiki," akasema.

"Ungenishonea na suti ya kuagana?"

"Kila sura yako natumia nusu ya sura yangu kuisafisha! Unamwacha maiti jikoni unakwenda kusimulia Dereva alivyonunua ndala! Nani anayemwondoa yule maiti? Mimi! Kila siku ni mimi na maiti wako!"

"Watu wanampenda Dereva."

"Watu wanamvumilia Dereva."

"Basi andika kitabu cha nne. Andika. Kichwa cha kitabu: Bi Futikamba Chini ya Tofali. Kurasa mia mbili za kimya."

Alichukua mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa. Sitasema niliogopa, nitasema nilisogea. Akaukata uzi uliokuwa umening'inia kwenye mfuko, akaurudisha mkasi mezani, akakaa kwenye cherehani na kukanyaga kwa nguvu mpaka vikombe vikagongana kabatini.

Siku mbili zilizofuata tulizungumza kupitia mama.

"Mama, mwambie mwanao miguu yake iko kwenye kitambaa cha mteja."

"Mama, mwambie binti yako miguu imesikia."

"Nyinyi nyote mmenichosha," mama alijibu, na hakukata nyuzi. Sare zilirundikana na nyuzi zake kama ndevu. Mara moja nilimkuta amesimama mbele ya ukuta wa vitambaa, kidole juu ya kile cha Bi Futikamba, cha kaki, chenye kifungo. Hakukitoa. Dada naye hakukitoa. Mimi ndiye niliyekitoa, maana kama mtu kafa kafa, na dada akakiokota sakafuni akakitia mfukoni bila kunitazama.

Moyoni nilikuwa nashangilia, nikiri. Nilikuwa nikiwaza: atakuja. Leo au kesho atakuja, atasema mdogo wangu, hebu tukae, na mimi nitasema kwanza mpigie mhariri. Nilishaandaa hata namna ya kukaa kwenye kiti. Bila mimi hana pa kwenda. Mhusika wake mkuu yuko chini ya kifusi na mama ameshuhudia. Hakuna sura ya witiri duniani inayoweza kumtoa.

Ijumaa mchana dada akazima cherehani. Akavuta kiti, akamwita mama. "Mama, njoo. Sura ya kumi na tisa."

Mama alikuja, lakini kama mtu anayekwenda kuhani. Mimi nilibaki mlangoni, mikono kifuani, nikiwa na jibu la kila kitu. Akisema aliota, nitapinga. Akisema ni mwanamke mwingine aliyefanana naye, nitapinga.

Dada akafungua daftari.

"Mimi ndiye dereva wake," akasoma, "na toka nilipong'olewa meno, kila nikisema neno lenye herufi 's' mdomo unapiga filimbi. Ndiyo maana niliposimama kumsifu marehemu, kabla sijafika kwenye sifa ya pili, mazishi yalikuwa yamejaa mbwa."

Mama akaguna. Halafu bega lake likatikisika.

"Kaburi lilikuwa fupi kwa sentimita nane," dada akaendelea. "Nilipima mwenyewe. Wachimbaji wakasema, mzee, sentimita nane ni nini kwa maiti? Nikawaambia, huyu mama kafunga watu sita kwa nusu mita. Mkimlaza humo ataamka, na akiamka atakuja na hati ya mahakama."

Mama alicheka. Kile kicheko chake chenyewe, cha kurudisha kichwa nyuma. Nami, wallahi, nilikuwa nimebana meno, nilikuwa nimeangalia dari, lakini ile hati ya mahakama ilinipitia puani ikatoka. Nilicheka kwa sauti, nikajisikia nikicheka, na ikawa imeshachelewa.

Dada hakuinua macho. Aliendelea kusoma, na sura ilikwenda. Dereva alipomaliza kuwafukuza mbwa alirudi kwenye ule ukuta ulioanguka, akatoa mfukoni kamba ya kupimia ya marehemu, akaupima. Msingi wake ulikuwa umekatwa usiku wa kuamkia siku ulipoanguka, kwa msumeno, mita mbili na robo, mstari ulionyooka. Mtu alimuua. Na Dereva, na ndala zake, na filimbi yake, akaapa juu ya kofia ya kaki kwamba mjane atapimiwa kiwanja chake. Ndala zilikuwemo, ndala zangu! Zamu hii zilifanya kazi: unyayo wake kwenye udongo mbichi ndio uliomwonyesha kwamba kuna unyayo mwingine, mkubwa zaidi. Hadithi haikukaa chini hata kidogo.

Dereva alikuwa Dereva. Kila neno lilikuwa langu, ila mimi sikuwahi kuliandika.

"Haya," mama akasema, akijifuta macho, akivuta rundo la sare magotini na kutafuta mkasi. "Haya. Nilijua hatutaachwa hivihivi. Na cha nne kitakuwa cha Dereva?"

"Cha Dereva, mama," dada akajibu.

Akasimama, akaniletea daftari na kalamu juu yake. Alikuwa na chaki kwenye vidole na macho mekundu ya kutolala, na tabasamu hakuwa nalo, hata la ushindi.

"Ya ishirini ni yako," akasema. "Sheria ni sheria. Ukiiweza."

Nilikaa mezani. Niliandika: Mimi Dereva. Nikafuta. Niliandika kichekesho cha ndala, nikakisoma, kikasikika kama mtu anayemwigiza dada. Nilikiandika upya kwa namna yangu ya zamani, na hiyo pia ikawa ya kwake. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Cherehani ilikuwa inakimbia nyuma yangu, mkasi wa mama unakata, tik, tik, na dirishani kulikuwa bado mchana mweupe, saa nzima kabla ya mimi kurudi dukani.

"Mwanangu," mama akaniita, mchangamfu, "Dereva anasemaje huko kwenye ukuta?"

Nikafungua mdomo.

Dada akajibu kabla yangu, hakuinua hata kichwa kwenye pindo, akaingiza na ile filimbi ya meno, na mama akacheka mpaka mkasi ukamdondoka.