Wote Mia Nne na Kumi na Wawili

Siku ya zoezi la kwanza la moto, shule nzima ilitoka madarasani ikafika uwanjani kwa dakika nne kasoro sekunde mbili, na Naibu Mkuu wa Shule akatokwa na chozi. Waliomwona walidhani ni moshi. Haukuwa moshi. Alikuwa amesimama upande unakotoka upepo, saa yake ya kupimia mbio ikining'inia kifuani kama nishani ya vita, na kwa mtu ambaye wanafunzi wamemwita Sekunde kwa miaka tisa, dakika nne kasoro sekunde mbili si jambo dogo.

Aliyekataa kupiga makofi alikuwa mmoja tu, muuguzi wa shule.

Muuguzi alikuwa amesimama chini ya mlingoti wa bendera na sanduku la huduma ya kwanza, kwa sababu waraka ulimwamuru hivyo. Waraka wenyewe, Utaratibu wa Dharura kwa Wafanyakazi, aliuandika Sekunde kwa mkono wake, akaupigisha chapa na kuutundika kila chumba, hata vyooni, ambako angalau mtu hupata wasaa wa kusoma. Ulikuwa na hatua kumi. Hatua ya sita: muuguzi achukue sanduku, awahi uwanjani. Hatua ya nane: majina yaitwe, na kila jina lijibiwe kwa neno moja kati ya matatu, yupo, ruhusa au mgonjwa, na neno lolote kati ya hayo lipigiwe alama ya vema. Hatua ya tisa: mtu yeyote asirudi ndani ya jengo.

Basi majina yakaitwa. Yalipofika kidato cha tatu likaitwa jina la msichana mmoja ambaye kwa urefu wake hata walimu walimwita Twiga. Kiranja wa darasa akajibu kwa sauti ya gwaride kwamba ni mgonjwa. Sekunde akaweka vema, akaenda jina lililofuata.

Hapo ndipo muuguzi alipogutuka. Twiga alikuwa juu, ghorofa ya kwanza, chumba cha wagonjwa, mguu wa kulia umefungwa plasta kutoka pajani hadi vidoleni baada ya kuruka juu vizuri na kutua vibaya. Muuguzi alikuwa amemwacha kitandani kengele ilipolia, akiamini kwamba hatua ya saba ndiyo inayohusu wagonjwa. Hatua ya saba ilihusu kufunga bomba la gesi la maabara. Alikuwa ameusoma waraka ule mbiombio, kama zinavyosomwa nyaraka zote duniani.

Akaweka sanduku chini, akaelekea mlangoni. Sekunde akamkingia mkono.

"Hatua ya tisa, Nesi."

"Twiga yuko juu."

Sekunde akatazama orodha yake. Aliitazama kwa makini, kwa sababu hakuwa mtu wa kupuuza jambo. "Nimeshampigia vema," akasema.

Halafu Sekunde akatangaza kwamba wamepatikana wote, mia nne na kumi na wawili, na makofi yakapigwa. Yalipokwisha, na hatua ya kumi, ruhusa ya kurudi ndani, ikatangazwa, muuguzi aliingia ndani akamkuta Twiga nusu ya ngazi. Alikuwa ameteremka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, mpaka moja ikamshinda. Kidevu kilikuwa kimepasuka, plasta imepata ufa gotini, na gauni lake la kulalia lilikuwa limelowa, na si kwa maji. Moshi ulikuwa bado unapanda, kwa sababu pipa la majani mabichi lililochomwa kwa ajili ya zoezi liliwekwa chini ya dirisha la wagonjwa. Hapo palikuwa na kivuli.

"Mama," Twiga akasema, "nilijua ni zoezi. Nilijua kabisa. Mpaka nilipoona hakuna anayekuja."

Muuguzi alimshona nyuzi tano. Kisha akalichukua lile gauni, akalifua mara tatu ingawa mara moja ilitosha.

Mkaguzi wa shule alikuwa aje baada ya wiki mbili, aone zoezi, atie sahihi. Akishatia sahihi, waraka ungekaa ukutani miaka mitatu bila mtu kuugusa. Muuguzi alijua hivyo. Kwa hiyo alikwenda kwa Sekunde siku hiyohiyo akamwomba jambo dogo: walimu wawili wenye mgongo mzima, kiti kimoja, na mstari mmoja kwenye waraka. Sekunde alimsikiliza, akachukua kalamu, akapiga hesabu, akaeleza kwa huruma kwamba kumteremsha mgonjwa kungeipitisha shule dakika tano, na dakika tano ndiyo mpaka. Shule ikipita hapo hupewa barua mbaya. Alisema ni bahati mbaya. Alisema pia kwamba mtoto mwenyewe plasta itaondolewa karibuni, kana kwamba baada ya Twiga watoto wangeacha kuumwa.

Muuguzi akapanda kwa Mkuu wa Shule. Mkuu alikuwa mtu mnene wa maneno mepesi, na chini ya ofisi yake, mkabala na lango, kulikuwa na chumba kipana kilichokuwa cha wagonjwa zamani kabla hakijawa chumba cha wageni chenye makochi ya mahameli. Muuguzi akaomba chumba kirudishwe. Mkuu akasikitika sana. Makochi yale, alieleza, hayawezi kupandishwa juu, ngazi ni nyembamba.

"Kama kochi halipandi, Mkuu, mgonjwa anashukaje?"

Mkuu akasema hilo ni swali zuri. Akaliandika katika daftari lake, na bila shaka limo humo mpaka leo, limelala salama miongoni mwa maswali mengine mazuri.

Wengi wangepasuka pale pale. Muuguzi alitamani kupasuka. Alitamani kuingia mkutano wa walimu akapindua meza yenye chai. Lakini alikumbuka mama yake alivyokuwa akisema kuhusu hasira za mkizi, samaki anayeruka kwa ghadhabu akaangukia ndani ya chombo cha mvuvi. Hakutaka kuwa kitoweo cha Sekunde. Akaiweka hasira yake mahali pakavu, kama mtu anavyoweka kuni.

Asubuhi ya ukaguzi Sekunde alikuja mwenyewe chumba cha wagonjwa, tai imenyooka, kipara kinang'aa. Alikuwa na wazo. Mkaguzi alikuwa anapata chai kwa Mkuu, na zoezi lilipangwa saa nne kamili. Basi Twiga ateremshwe sasa, taratibu, aketishwe chini ya mti karibu na uwanja na kitabu mkononi, ili kengele ikilia awe yupo. Alilitoa wazo lile kwa furaha, kama zawadi.

Twiga, kitandani, alifunika uso kwa gazeti. Muuguzi akamwambia Sekunde mambo ambayo kwa sehemu kubwa hayaandikiki. Alimuuliza kama moto nao utatuma taarifa saa nne kamili. Alimuuliza kama ana binti. Alimwambia kwamba amewahi kuona wezi wakiiba vitu, ila mwizi wa kumwiba mgonjwa kitandani akamweka chini ya mti ndiye wa kwanza kumwona. Sekunde akajibu, sauti ikapanda, mshipa ukamtoka kwenye paji la uso, na katikati ya sentensi akashika kichwa akakaa.

Muuguzi akanyamaza papo hapo. Hasira ni hasira na kazi ni kazi. Akamfunga mkanda wa presha.

Ilikuwa mia na themanini kwa mia na kumi. Alirudia. Ikawa ileile. Hakumwongezea hata tarakimu moja, na katika shule ile yeye ndiye pekee aliyeweza kusema hivyo kuhusu tarakimu. Akamwambia avue viatu, alale chali robo saa, asiseme neno, kisha atapimwa tena. Sekunde, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akimeza dawa za kichwa kwa siri, alivua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu. Twiga aliliona tundu lile akarudi upesi nyuma ya gazeti.

Kila asubuhi muuguzi hupeleka orodha ya wagonjwa ofisi ya walimu. Siku hiyo orodha ilikuwa na majina mawili. Aliyapeleka kwa mkono wake, akarudi, akakaa.

Sasa, yule mkaguzi, mama mfupi wa mkoba wa ngozi, alikuwa na tabia ambayo wenyeji wake hawakuijua. Hakupenda kupangiwa. Saa nne kasoro dakika ishirini aliweka kikombe chini, akatoka, akaigonga kengele mwenyewe.

Sekunde aliruka kitandani kama aliyechomwa. Kidole chake kilibonyeza saa kifuani kabla hajafungua macho vizuri. Miaka tisa ya mazoea. Akatafuta viatu.

"Lala," muuguzi akasema. "Umeandikwa mgonjwa. Umeshapigiwa vema."

"Nesi, si wakati wa mzaha."

"Hatua ya sita inanitaka mimi uwanjani. Leo siendi. Wewe miguu unayo, Mwalimu, mlango ule pale."

Chini, miguu mia nane na zaidi ilikuwa inatoka. Moshi wa majani mabichi, yaliyokuwa yamewashwa mapema, ukaingia dirishani, kwa sababu kivuli kilikuwa bado palepale. Sekunde alifika mlangoni na kiatu kimoja. Alikuwa karibu kupita.

"Mwalimu," Twiga akasema kwa adabu zote, "safari ile niliteremka kwa makalio. Hata leo naweza. Tangulia tu."

Sekunde akasimama. Alitazama kile kidevu chenye kovu la nyuzi tano. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kukitazama, kwa sababu kwenye orodha majina hayana videvu. Akatupa kiatu, akarudi, akauliza kiti kiko wapi.

Twiga kwa urefu wake hakuwa mzigo wa mchezo. Muuguzi alishika mbele, Sekunde nyuma, mguu wa plasta ukatangulia kama mzinga. Ngazi zilikuwa ishirini na nne. Waraka ulisema ngazi ziko wazi wakati wote, maneno ya Sekunde mwenyewe, hatua ya pili. Katikati, pale zinapokata kona, kulikuwa na madawati mabovu matano yamepangwa moja juu ya jingine. Mtu mwenye miguu miwili hupita ubavuni akasahau. Kiti hakipiti. Wakamweka Twiga chini, wakaanza kuyaondoa, na moshi ukawafikia, wakakohoa wote watatu.

Kutoka uwanjani, kupitia tundu la ukuta, majina yalikuwa yakiitwa kwa sauti ya Mkuu. Wanafunzi walikwisha, wakaanza wafanyakazi. Likaitwa jina la Naibu Mkuu.

"Mgonjwa," sauti ya mwalimu wa michezo ikajibu.

Kimya cha kuweka vema. Jina lililofuata, la muuguzi, likajibiwa yupo bila mtu kugeuka. Sekunde alikuwa ameshika dawati kwa mikono miwili, jasho likimwingia machoni. Kisha yakaja makofi, mengi, ya furaha. Aliyasikiliza mpaka yakaisha. Muuguzi akaondoa dawati la mwisho.

Walipotokeza mlangoni, Mkuu alikuwa katikati ya shukrani na mkaguzi alikuwa amefungua kalamu. Shule nzima ikageuka. Naibu Mkuu, soksi moja yenye tundu, bila tai, alitua kiti juu ya majani, akabonyeza saa yake.

"Dakika kumi na moja na sekunde arobaini," akasema.

Mkuu akacheka kicheko cha wageni. Akamwambia mkaguzi asijali, naibu wake hayuko vizuri leo, ni mgonjwa, yumo hata kwenye orodha.

Mkaguzi akaisoma orodha. Akauliza nani alitumwa kwenda kumchukua.

"Hakuna," Mkuu akasema, "ameshapigiwa vema."

Sentensi ile ilimtoka yote kabla hajaiangalia. Huko nyuma, kidato cha kwanza, mtu mmoja akacheka akanyamazishwa. Uso wa Sekunde ulikuwa umebadilika rangi, na kwa mara ya kwanza muuguzi aliiona hasira anayoijua ikiwa katika uso wa mtu mwingine.

"Nilikuwa juu, Mkuu," alisema taratibu. "Mmenipigia makofi nikiwa juu." Akamgeukia mkaguzi. "Andika kumi na moja na arobaini. Na madawati ya kwenye ngazi uyaandike. Ni matano."

Mkaguzi akafuta alichoandika, akaandika upya. Hakutia sahihi.

Barua mbaya ilikuja, nayo ilikuwa mbaya kweli. Ilitoa siku saba wagonjwa wawe chini. Makochi ya mahameli, kama ilivyotabiriwa, hayakupanda ngazi, na mpaka sasa yamo kwenye korido ya maabara yakinyewa na njiwa. Mkuu hamsalimii muuguzi, na muuguzi hajakonda.

Sekunde alimletea waraka mpya ausome. Hatua ya sita ilisema muuguzi haondoki mpaka mgonjwa wa mwisho aondoke, na waliokuwa zamu ya kubeba walitajwa kwa majina. Muuguzi alitafuta kosa, hakuliona, akaukubali. Bado alikuwa na hasira. Sekunde alipouliza, akitazama sakafu, kama amemsamehe, alimjibu kwamba yeye kazi yake ni kushona, nyuzi ameshazitoa, na kwa mengine akamwone mwenye kidevu.

Akaenda. Twiga alikuwa kibarazani, magongo ubavuni. Mwalimu akasimama mbele yake, akakohoa, akaomba radhi kwa niaba yake na kwa niaba ya waraka, akamaliza, akageuka aondoke.

Twiga alinyoosha mkono wake mrefu, akaishika ile saa iliyoning'inia, akaisoma. Ilikuwa imewashwa, kwa mazoea.

"Sekunde kumi na nne, Mwalimu," akasema. "Rudia, taratibu."

Akarudia.