Lensi ya Chumba cha Wanawake

Katika Arua nzima, kuanzia Oli mpaka Manibe, hakuna mwanamke anayepiga picha kunishinda mimi, Medina. Nasema mwanamke aliyepita miaka sabini na mwenye kamera yake mwenyewe. Wa namna hiyo niko peke yangu, na hata hivyo kuna siku nimekuwa wa pili.

Kazi yangu ni chumba cha wanawake. Kwetu sisi Wanubi, siku ya arusi wanaume wanakaa nje chini ya turubai na sahani zao za pilau, na wanawake wanakaa ndani na bibi arusi, hina, udi na ngoma ya doluka. Mwanaume haingii, awe mpiga picha awe shehe. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Na kabla picha haijatoka chumbani, kamera inazunguka mkono kwa mkono, kila mtu anajiangalia, na atakayesema "futa", nafuta. Nimefuta picha nzuri mpaka roho ikaniuma. Lakini ndiyo sheria yangu, na ndiyo sababu wananiita.

Kamera niliyonayo binti yangu aliituma kutoka Kampala. Ni hizi mpya wanazoziita mirolesi, yaani ndani hazina kioo. Nilipoambiwa haina kioo nilitaka kuirudisha, nikidhani kilivunjikia njiani. Mwili wake hauna shida. Shida ni lensi iliyokuja nayo, ambayo inafaa kumpiga mbuzi saa sita ya mchana. Ndani ya chumba chenye taa moja, picha zinatoka na chenga kama nimezinyunyizia unga wa muhogo. Flashi siitumii. Uso wa bibi arusi unapambwa asubuhi yote, flashi ikiwaka mara moja unageuka chapati.

Picha za chenga, sijui nani alizipeleka, zikamfikia mzee Nasur wa Koboko. Yeye alikuwa anamwoza Kadijah, binti wa marehemu kaka yake. Kadijah mwenyewe aliniomba nije, kwa hiyo nikaenda mapema kukiona chumba, na mkeka wangu kwapani.

"Haboba Medina, karibu," akasema Nasur. Haboba kwetu ni bibi. "Umekuja na mkeka? Unalala?"

"Napima chumba."

"Watu wanapima na futi."

"Futi haikai chini na wanawake."

Nikatandaza. Urefu mikeka miwili, upana mkeka na mkono mmoja, na kitanda kimekula upande mzima. Kitandani alikaa Zamzam, mama wa bibi arusi. Miguu yake imekataa kazi tangu mwaka jana.

Kadijah akanishika mkono. "Haboba, mimi nataka picha moja tu. Mimi na mama, hapa, kama tulivyo. Tangu miguu imkatae hajakubali kupigwa. Anasema picha ni za watu wanaosimama."

"Si ni kweli?" akasema Zamzam kutoka kitandani. "Nipigwe nimelala kama mgonjwa wa hospitali?"

"Utapigwa kama malkia," nikamwambia. "Malkia nao wanakaa."

Nilipotoka nje nikamkuta Nasur na Kabiru, mtoto wa dada yake, kijana mpiga picha wa mikutano na mpira. Shingoni alining'iniza lensi ndefu kama mchi wa kutwangia.

"Picha zako za Oli niliziona," akasema Nasur. "Nilifikiri bibi arusi ameolewa kwenye vumbi la Midia. Sasa huyu Kabiru iko na njia. Atakaa juu ya tangi la maji, pale. Dirisha linaachwa wazi, anapiga kila kitu."

"Siingii, Haboba," akasema Kabiru, akiipapasa lensi yake. "Mguu wangu haugusi kizingiti."

"Umeona?" akasema Nasur. "Hakuna sheria imevunjwa."

"Jicho lako likiwa ndani, wewe uko ndani," nikasema. "Miguu hata ukiiacha Kongo."

Nasur akacheka, lakini si kicheko cha kukubali. "Basi tuone. Jumapili, siku ya pili ya arusi, nitaweka picha zote kwenye televisheni sebuleni, wazee wakiwepo. Zako zikiwa vumbi tena, kuanzia arusi ya mdogo wake Kadijah, dirisha ni la Kabiru. Na wewe utakuja kula pilau kama bibi wengine."

Napenda pilau. Lakini siku hiyo nilirudi Arua nimekasirika mpaka njaa ikanipotea.

Kesho yake nikaenda kwa Dramadri, anayeuza lensi zilizotumika pale mjini. Nilikwenda na mkeka, na jirani yangu Ayikoru, muuza nyanya wa Oli. Nilimwambia anakuja kuwa bibi arusi.

"Kwa bwana gani?" akauliza Ayikoru.

"Kwa Dramadri, akikubali kushusha bei."

Dramadri hakusubiri hata salamu ziishe. Akatoa lensi ndefu, nyeupe, ya kubebwa kwa mikono miwili. "Mama, hii ni ya wakubwa. Ukisimama hapa Arua unamkamata mtu aliye Koboko."

"Vizuri. Arusi iko Koboko. Nitapiga kutoka hapa, niokoe nauli."

Akacheka, akairudisha. Akatoa nyingine ya zamani, ya zile kamera zenye kioo, na pete ya kuiunganisha na yangu. Nikaijaribu. Kamera ikawa inatafuta uso wa Ayikoru mbele, nyuma, mbele, kama mlevi anayetafuta tundu la kufuli. Nikaivua.

"Una chumba kidogo chenye giza?" nikamuuliza.

"Iko stoo tu."

"Tunaingia."

Tukasukuma makatoni, nikatandaza mkeka kama nilivyoupima Koboko, Ayikoru kule, mimi huku, mgongo ukutani. Mimi napiga nimekaa, miguu nimeinyoosha, kamera imelala tumboni na skrini yake nimeiinua kidogo. Ukisimama katikati ya wanawake walioketi unawapiga vichwa tu, tena wanakuona askari.

Nikaanza na ya hamsini, ambayo kila kijana ataimba mbele yako kwamba ndiyo ya nyuso. Huenda. Lakini nambari iliyoandikwa juu ya lensi usiiamini mpaka uifunge kwenye kamera yako. Ya kwangu ina jicho dogo ndani, inakata pembeni, hamsini inakuwa kama sabini na tano. Nikapata pua ya Ayikoru na sikio moja.

"Rudi nyuma, Mama," akasema Dramadri kutoka mlangoni.

"Nyuma yangu ni ukuta wako. Nikirudi zaidi nitatokea kwa fundi viatu."

Nikafunga ile pana kabisa, ya kumi na mbili. Chumba chote kikaingia, na dari, na miguu ya Dramadri. Lakini Ayikoru, aliyekaa pembeni, kichwa kilikuwa kimevutwa kama papai.

Akaitazama picha. "Hii ndiyo sura yangu?"

"Ukikaa pembeni."

"Futa. Futa sasa hivi, mbele yangu."

Nikafuta. Sheria ni sheria, hata stoo.

Nyuma ya kabati Dramadri alikuwa na ishirini na tatu moja, rangi imechubuka, amejaribu kuisahau kwa sababu vijana hawaitaki: haivuti karibu, haiendi mbali. Mdomo wake lakini unafunguka mpaka moja nukta nne, yaani inakunywa mwanga kama ngamia. Nikaifunga. Ayikoru akatokea mzima, na mkeka, na makatoni, na ile taa mbovu ya stoo ilitosha. Hakuna chenga.

"Iko na kasoro," akasema Dramadri, akiinama kwenye skrini. Alionyesha kona ya chini. Kidole changu kikubwa cha mguu kilikuwa kimesimama pale, na hina yake nyeusi kwenye ncha.

"Kunja mguu, Mama."

"Hili goti halikunjiki tena tangu wewe uko shule. Kidole kitabaki. Wengine wanaandika jina lao chini ya picha, mimi naweka kidole."

Nikampa lensi ya mbuzi, nikaongeza nilichokuwa nacho, tukamalizana. Akaniuliza kama nina uhakika sitaki ile ndefu. Nikamwambia nikitaka mchi nitakwenda kwa seremala.

Siku ya arusi ikafika. Chumba kile cha Koboko kilijaa mpaka watoto wakapakatwa juu ya wengine. Doluka inalia, udi unafuka, gurbaba, zile shuka zetu zenye shanga, zimefungwa kila rangi. Ayikoru naye alikuwepo. Alikwenda dirishani kupunga upepo, akarudi mbio.

"Medina, kijana iko juu ya tangi."

Nikanyanyuka, kwa taratibu zangu, nikachungulia. Kabiru alikuwa amelala kifudifudi juu ya tangi la maji, mchi wake umeelekezwa kwetu kama bunduki. Chini yake alisimama Nasur, anatazama mawingu.

Hatukumtukana mtu. Kadijah alisema neno moja tu, "Zibeni," na wanawake watano wakafungua gurbaba zao za juu, wakazining'iniza dirishani, moja juu ya nyingine, na shanga zake. Wakapiga vigelegele ambavyo hata Sudan walivisikia. Kabiru akabaki anapiga picha za nguo.

Lakini sasa chumba kilikuwa giza kweli. Taa ilikuwa moja, ya rangi ya chai. Wote wakanigeukia mimi. Kama nitashindwa, Nasur atasema: mlifunga dirisha, mkapata nini?

Nikarudi kukaa, miguu nimeinyoosha, nikafungua mdomo wa lensi wote. Ikaona. Lakini lensi ikifunguliwa hivyo ina masharti yake: inashika vizuri kitu kilicho umbali mmoja tu. Kadijah alikaa mbele ya kitanda, mama yake nyuma. Nikipata macho ya binti, mama anayeyuka kama samli. Nikimpata mama, binti anakuwa moshi wa udi. Nikajaribu, nikajaribu tena. Zamzam akaanza kusema, "Acheni, nilisema mimi si wa picha."

"Zamzam, nyamaza, we malkia," nikasema. "Kadijah, panda kitandani. Sogea. Sogea zaidi, unaogopa nini, si ndiye aliyekuzaa? Weka shavu lako kwenye shavu lake."

"Hina itamchafua!"

"Imchafue!"

Wakagusana shavu kwa shavu. Sasa macho manne yalikuwa mstari mmoja. Lile shavu la Kadijah lilikuwa na jasho, likateleza, Zamzam akashtuka, halafu akaanza kucheka, kile kicheko cha tumbo ambacho dada zake walisema hawajakisikia tangu miguu imkatae. Nikabonyeza.

Kamera ikazunguka. Nyingine zilifutwa, nyingi tu, mpaka nikang'ata mdomo. Ile ikamfikia Zamzam. Akaisogeza karibu na macho.

"Usifute," akasema.

Kadijah akaniomba nimtumie pale pale kwenye simu yake. Kamera hizi zinafanya hivyo. Alitaka kuiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, dada zake walioko Juba waione. Mama yake akakubali. Nikatuma.

Jumapili sebule ya Nasur ilijaa. Wazee kwenye makochi, wanawake kwenye mikeka, televisheni kubwa kama mlango. Na mtu ambaye hakuna aliyemtegemea: Zamzam, amebebwa juu ya kiti na ndugu wawili, amevaa vizuri, anasema amekuja kuangalia picha yake.

"Tunaanza na Kabiru," akasema Nasur.

Zikaja picha za turubai, za masufuria, za wazee wanatafuna. Nzuri, siwezi kukataa. Kisha Nasur akasimama. "Sasa wazee, muone. Mlisema dirisha lilizibwa. Huyu kijana aliniambia alipata moja tu, na hiyo moja inatosha."

Akabonyeza. Televisheni ikajaa Zamzam na Kadijah, shavu kwa shavu, wanacheka.

"Mashallah," wakasema wazee.

Kadijah akafungua mdomo. Nikamkanyaga. Kabiru ni binamu yake, namba yake anayo, na stetasi anaziona kama watu wengine wote. Lakini sikutaka aokolewe mapema.

"Mwanangu Kabiru," nikasema kwa sauti ya bibi mchovu, "hii uliipiga ukiwa wapi?"

"Juu ya tangi, Haboba."

"Na zile nguo dirishani?"

"Upepo ulizinyanyua kidogo. Lensi ndefu haihitaji nafasi kubwa."

"Wewe mwenyewe, kwa mkono wako?"

"Mimi mwenyewe, Haboba."

"Mmesikia?" akasema Nasur. "Mimi nilisema tangu mwanzo."

Pembeni yangu mabega ya Ayikoru yalianza kutikisika kwa kicheko. Kitu ambacho kwenye simu ni kidogo kama nzi, kwenye televisheni ya Nasur kilikuwa kikubwa kama mkate: kona ya chini, kimesimama, kimeyeyuka kidogo, na hina nyeusi kwenye ncha.

Zamzam ndiye aliyeinua mkono wake, taratibu, akakionyesha. Wazee wakainama mbele, mmoja akavaa miwani. Sebule yote ikageuka kuangalia mguu wangu, ulionyooshwa pale mkekani kwa sababu goti halikunjiki, kisha ikageuka kwa Kabiru.

"Kabiru, mtoto wa wifi yangu," akasema Zamzam, "hebu vua kiatu tuone hina yako."